Mwanafunzi wa Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Septemba

Mwalimu wa lugha ametugawia madaftari leo, sisi kumi na mmoja wa kidato cha nne. Kila mtu aandike shajara ya muhula huu wa mwisho, hata ikiwa mstari mmoja. Anasema hatasoma, atahesabu kurasa tu. Twiga, kijana ninayekaa naye dawati moja, akauliza kama anaweza kuandika kwa herufi kubwa sana.

Basi nianze na mimi. Nina miaka thelathini na sita. Ni fundi cherehani, mke wa fundi baiskeli, mama wa mtoto mmoja, na mwanafunzi. Nilikatiza masomo zamani, mwaka wa mwisho kama huu. Mwaka juzi mwalimu mkuu alikuja kwangu kupunguziwa gauni. Mimi na yeye tulisoma pamoja tukiwa wasichana. Pini zikiwa bado kiunoni mwake akaniambia, "Siku hizi tunapokea hata watu wazima. Nafasi ipo." Nikamwambia asinichekeshe, nitamchoma. Akasema hanichekeshi.

Sare nimejishonea mwenyewe. Ndiyo sare pekee shuleni yenye nafasi ya kupumua.

Binti yangu ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu, shule hii hii, chumba cha upande wa pili wa jengo. Tuna mapatano: tukivuka geti yeye si mwanangu na mimi si mama yake. Asubuhi hutangulia hatua hamsini. Nimezihesabu.

Mvua bado. Vumbi hadi kwenye meno.

Jumatano, 6 Septemba

Wakati wa mapumziko nimeshusha pindo la suruali ya Twiga, mwenyewe kajifunga sweta kiunoni. Kijana anarefuka kama anamwagiliwa.

Jumatatu, 11 Septemba

Mwalimu wa hesabu ana miaka ishirini na mitano. Leo kaniita "Mama" mara nne, na mara zote nne akajisahihisha: "Samahani, mwanafunzi." Yeye ananiogopa mimi, mimi naogopa ubao wake. Tumetoka sare.

Alhamisi, 14 Septemba

Bombani, wakati wa kunywa maji. Nilikuwa nyuma ya tangi, hawakuniona. Msichana mgeni wa kidato cha tatu akamuuliza binti yangu, "Hivi yule mama anayesoma na kaka zetu ni nani?"

Binti yangu akasema, "Anashona."

Basi. Anashona. Si uongo. Nimelirudia neno hilo njia nzima ya kurudi nyumbani na kila mara limepata mahali papya pa kuchoma.

Jumatano, 20 Septemba

Mvua ya kwanza, ya kishindo, juu ya bati tupu. Mwalimu wa historia alipaza sauti mpaka mishipa ikamtoka, kisha akakata tamaa, akaandika ubaoni: SUBIRINI. Tulisubiri vipindi viwili. Twiga alilala kwenye bega langu kama mtoto, mdomo wazi.

Jumanne, 26 Septemba

Matokeo ya majaribio yamebandikwa. Lugha sabini na nane. Historia sitini na moja. Hesabu kumi na tisa.

Yamebandikwa kwenye ubao wa korido, kila mtu anayaona. Binti yangu aliyaona kabla yangu. Nilipotoka getini nilitafuta mgongo wake hatua hamsini mbele. Hakuwepo kabisa.

Jumatano, 27 Septemba

Sikwenda.

Alhamisi, 28 Septemba

Sikwenda. Nimeshona mapazia ya zahanati.

Ijumaa, 29 Septemba

Mume wangu si mtu wa maneno. Ukimletea baiskeli iliyovunjika huitazama tu, na baiskeli yenyewe huona aibu. Tangu Jumatano kila alfajiri ameviweka viatu vyangu vya shule mlangoni, vimepigwa rangi, vidole vikielekea nje. Jioni huvirudisha ndani. Leo uvumilivu ukaniishia.

"Hivi viatu ni vya nani?"

"Vya mtu mmoja hivi," akasema. "Anasoma."

"Ameacha."

"Hajaniambia mimi."

Akaenda zake kazini. Saa tisa binti akarudi, akatupa karatasi juu ya cherehani. Masomo ya siku tatu, mwandiko kama kuku amefukuzwa juu yake.

"Twiga kakuandikia," akasema. "Anasema dawati linayumba upande mmoja."

"Ulimwendea? Mbele ya watu?"

"Nilipishana naye," akasema, akaingia chumbani. Chumba cha kidato cha nne hakiko njiani kwake. Ukitaka kupishana na Twiga lazima uzunguke jengo zima.

Jumapili, 1 Oktoba

Nilikuwa nakata sketi ya duara ya mke wa muuza vifaa vya ujenzi. Binti amekaa na daftari lake ukingoni mwa meza, anajifanya hanitazami.

"Mama, unakata bila kupima?"

"Nimepima. Kiuno sitini na sita. Nagawa kwa sita, napata kumi na moja, natoa nusu. Hapo ndipo nazungushia chaki."

Nikasikia penseli inakwaruza. Ikakwaruza kwa muda mrefu.

"Kumi nukta tano," akasema.

"Ndiyo nilivyosema."

"Mama. Hii ni nusukipenyo." Akasimama. "Hii ndiyo sura ya tisa. Yote! Ile uliyopata sifuri! Nani alikufundisha?"

"Fundi aliyenifundisha kazi. Yeye alifundishwa na mama yake."

"Sasa kwa nini ukifika darasani unasahau?"

"Darasani hakuna kiuno," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakaa chini. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo kwa neno langu. Kisha akafuta machozi, akachukua chaki yangu ya kitambaa, akaanza kunichorea juu ya meza: duara, pembe, mraba. Kila umbo akalipa jina la nguo. Pembe tatu ni skafu. Mstatili ni pazia. Mcheduara ni mkono wa shati kabla haujashonwa ukingo. Nilipokosea alipiga meza kwa rula. "Usikisie! Unakata kitambaa cha mtu!" Ni mwalimu mkali kupita wote niliowahi kuwa nao. Sijui kachukua wapi.

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimerudi. Twiga akasogea upande wake wa dawati. "Karibu, mpangaji." Mwalimu wa hesabu hakuuliza nilikuwa wapi, lakini alinipa chaki mpya, nzima, nikafanye swali la kwanza ubaoni. Nilikosea mstari wa mwisho tu.

Jumanne, 10 Oktoba

Mvua siku ya tano mfululizo. Tope limemeza kiatu cha mwalimu wa lugha mbele ya shule nzima. Hesabu: thelathini na nne.

Jumatatu, 16 Oktoba

Leo nina kurasa, mwalimu atafurahi.

Kipindi cha tatu, hesabu. Mvua ya wastani, ile ambayo ukikaza shingo unasikia. Mlango ukagongwa, akaingia tarishi wa shule amelowa mpaka nyusi, na karatasi mkononi. Mwalimu akaisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Mama," akasema, na safari hii hakujisahihisha. "Mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu anatakiwa ofisini mara moja. Tarishi amekwenda mpaka nyumbani."

"Nimebisha hodi sana," tarishi akasema kwa uchungu. "Nikamuuliza jirani mwenye nyumba yuko wapi. Akaniambia yuko shuleni."

Darasa lote likaangua kicheko, na mimi pamoja nao. Kilinikatika nilipofika koridoni. Mtoto wangu kafanya nini?

Ofisini binti alikuwa amesimama kando ya kabati, macho sakafuni. Kwenye kiti kulikuwa na msichana wa darasa lake, yule mwenye sauti nzuri anayeongoza nyimbo za paredi, kajifunga taulo, na nywele zinachuruzika maji ya kijivu.

Nikasimama kama tunavyotakiwa, mikono nyuma. "Habari za asubuhi, Mwalimu."

Mwalimu mkuu akanitazama kuanzia viatu mpaka tai. "Sijamwita mwanafunzi. Toka, ugonge tena, uingie kama mzazi."

Nikatoka. Nikavua tai, nikaitia mfukoni, nikagonga.

"Karibu, mama. Karibu ukae."

Nikakaa. Kutoka kwenye kile kiti chumba kinaonekana vingine kabisa. Sikuwahi kujua kwamba dirisha la ofisi linatazama bombani.

"Binti yako amemmwagia mwenzake ndoo ya maji ya kudekia," mwalimu mkuu akasema. "Kichwani. Ndoo nzima."

"Nzima?"

"Nzima. Nimemuuliza sababu, hasemi. Na huyu aliyemwagiwa naye hasemi. Nimefundisha miaka kumi na mitatu, sijaona aliyelowa akimficha aliyemlowesha."

Nikamgeukia yule msichana. Nilimwambia tu, "Mwanangu, utapata mafua, sema tumalize." Kwikwi ikamshika papo hapo. Akasema alitunga wimbo. Wimbo ulinihusu mimi. Kwamba sare yangu ilikuwa turubai ya lori. Hapo mwalimu mkuu akakohoa na kutazama faili. Na kwamba hesabu zimenishinda kwa sababu watu wa umri wangu akili zao zimekwisha ganda kama gundi. Wasichana walikuwa wanauimba bombani, tangu muhula wa kwanza.

"Alinionya mara tatu," akasema, akimwelekezea kidole binti yangu. "Leo ilikuwa ya nne."

Tangu muhula wa kwanza. Na mimi nahesabu hatua hamsini kila asubuhi, nikidhani najua yote.

"Wewe," nikamwambia binti. "Si tulikubaliana kwamba hapa hatujuani?"

Akainua uso. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni, na hasira bado iko juu yake.

"Mimi naruhusiwa kukuonea haya," akasema. "Wewe ni mama yangu. Yeye nani?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nilikuwa kwenye kiti cha mzazi, ambako hayaruhusiwi yote mawili. Nikamwamuru aombe radhi. Akaomba, vizuri, kwa kumtazama mwenzake machoni. Yule naye akaniomba mimi. Mwalimu mkuu akaamua: wiki nzima binti yangu asafishe vyoo, na mwimbaji amchotee maji, ndoo kwa ndoo, wajifunze ndoo inavyobebwa. Nikatia saini panapoandikwa "Mzazi".

"Asante sana, mama," mwalimu mkuu akasema akinipa mkono. Kisha, bila kubadilisha sauti: "Sasa vaa tai yako. Kipindi kinaendelea na wewe upo hapa."

Koridoni kidato cha kwanza walikuwa wanapita kwenda maabara, mstari mrefu. Binti akaniita mbele yao wote.

"Mama."

"Nini?"

"Tai imepinda." Akainyoosha, akaibana shingoni kidogo kupita kiasi, akaenda kutafuta ufagio.

Jumanne, 17 Oktoba

Tumekwenda pamoja asubuhi. Njia ni nyembamba na tope lipo pande zote mbili, kwa hiyo tulikanyagana.

Alhamisi, 26 Oktoba

Twiga leo haongei. Nilidhani ni njaa, nikampa nusu ya mkate wangu, akaushika tu.

"Wewe ukitoka hapa unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani. Ni mita mia tisa."

"Mimi nakwenda kwa mjomba, mjini. Ana karakana." Akazungusha mkate. "Hapa hata mtoto wa kidato cha kwanza ananijua. Nikipita wanasema, Twiga huyo. Huko nitakuwa mtu mrefu tu."

Nimeishi na huyu kijana dawati moja mwaka mzima na nusu. Nilidhani ni mvivu, kisha nikadhani ni mchekeshaji. Kumbe ni mtoto anayeogopa, na kila mzaha wake ulikuwa njia ya kuuliza kama tutamkumbuka. Nikamwambia nitamshonea suruali mbili za kazi, zenye pindo refu la kushusha, maana bado hajamaliza kurefuka. Akala mkate.

Jumatatu, 6 Novemba

Mitihani imeanza. Lugha. Nilijisahau nikaandika kurasa saba.

Alhamisi, 9 Novemba

Hesabu.

Mvua ilianza dakika ile ile msimamizi aliposema "geuzeni karatasi". Maswali mawili niliyaruka. Manane niliyajibu, na la sita nililijibu mara mbili kwa njia mbili, majibu yakalingana, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu. Sijui nimepata ngapi. Nilipotoka binti alikuwa amesimama kwenye mvua chini ya mwavuli wa baba yake, na hakuniuliza. Alinitazama usoni, akasema, "Haya, twende ukale."

Ijumaa, 17 Novemba

Mtihani wa mwisho umekwisha saa tano asubuhi. Wavulana walirusha tai juu, moja imenasa kwenye mti wa uani. Mimi yangu nimeikunja.

Jumapili, 19 Novemba

Binti ametoka asubuhi na baiskeli ya baba yake, karudi mchana na tope mgongoni. Anasema alikuwa kwa babu yake.

"Kufanya nini?"

"Kumsalimia."

Kwa baba yangu ni mwendo wa saa nzima kwa baiskeli, nyuma ya kilima, anakokaa na mdogo wangu wa mwisho. Mtoto haendi huko kwenye tope kwa salamu.

Sijaandika habari za Baba humu, nami nimeandika hata suruali za Twiga.

Alikuwa mchimba visima. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na saba, akaacha wadogo watatu, wa mwisho hajaanza kutembea vizuri. Wiki tatu baada ya maziko nilikuwa darasani, shule hii hii, kipindi cha jiografia. Baba akatokea mlangoni. Hakuingia. Alikuwa na udongo wa kazini mpaka magotini, nadhani aliona haya kuchafua sakafu. Alinipungia mkono tu, njoo. Nikadhani kuna mtoto mgonjwa. Niliacha kitabu wazi, kalamu katikati. Njiani akaniambia, "Wadogo zako watalelewa na nani?" Sikurudi tena. Mwenzangu wa dawati ndiye aliyeniletea kile kitabu nyumbani. Leo ni mwalimu mkuu.

Wadogo zangu nimewalea, wote watu wazima sasa, nawapenda. Baba simchukii. Nampelekea mashati, namtazama anavyozeeka. Lakini tangu nirudi shule hajaniuliza hata siku moja. Anajua, kila mtu anajua. Nikienda kwake tunaongea kuhusu paa, kuhusu kikohozi, kuhusu mvua. Nami sijamwambia.

Alhamisi, 23 Novemba

Kesho ni kuagana. Kidato cha tatu wamechagua msomaji wa risala yao. Binti anazunguka nyumba na karatasi, nikikaribia anaificha nyuma. Mume wangu amepiga viatu rangi, jozi zote za nyumba nzima, pamoja na zile za mvua.

Ijumaa, 24 Novemba

Shule haina ukumbi. Waliondoa mbao za kati ya madarasa mawili, wakapanga viti vya wazazi upande mmoja na sisi kumi na mmoja tukasimama mstari mbele ya ubao. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Kila mtu alikuja na viatu mkononi, akavaa mlangoni.

Mwalimu mkuu alisema machache. Kisha akaitwa msomaji wa risala, akasimama binti yangu.

Nilidhani atasoma ile ya kawaida, ya wageni waalikwa na changamoto zinazotukabili. Hakusoma hiyo. Alisema, "Sisi tunaobaki tumeona kila mmoja wenu apewe lake," akaanza kutoka mwanzo wa mstari. Wa kwanza ndiye aliyejua kuwasha jiko la maabara bila kulipua kitu. Wa pili hakuwahi kumnyima mtu wino. Wa tano ni Twiga. "Twiga alikuwa anainama mlangoni ili wadogo tusione kwamba mlango ni mfupi. Huko uendako, kaka, usiiname." Twiga akatazama dari. Kidevu kilikuwa kinamcheza.

Ikafika kwangu, mwisho wa mstari.

"Mwanafunzi wa kumi na moja," akasema, "anakoroma akisoma historia. Najua kwa sababu ukuta wetu ni mwembamba."

Watu wakacheka. Mume wangu aliitikia kwa kichwa, ni kweli.

"Alipata kumi na tisa katika hesabu, akanuna siku tatu, akarudi. Mimi ningepata kumi na tisa nisingerudi. Alinifundisha kufunga kamba za viatu. Nami nimemfundisha eneo la duara. Kwa hiyo hatudaiani." Akageuza karatasi. "Kuna siku niliulizwa yeye ni nani, nikajibu nusu. Naomba nijibu yote leo. Yeye ni..."

Akakwama. Yule mwimbaji, yule wa ndoo, alikuwa amesimama nyuma yake pamoja na wenzake, akamshika kiwiko. Binti akasema, "Mnamjua," akakunja karatasi, akaketi. Watu walipiga makofi muda mrefu, na mimi nilitazama viatu vyangu, ambavyo viling'aa vizuri sana.

Baada ya hapo wazazi wanaitwa mmoja mmoja, mzazi anakuja mbele, anampa mkono mwalimu mkuu, anamchukua mtoto wake kwenye mstari. Mimi nilikuwa nimemwambia mume wangu aje yeye. Haiwi sawa sana, lakini afadhali kuliko kubaki pale peke yangu kama kitambaa kilichobaki.

"Mzazi wa mwanafunzi wa kumi na moja," mwalimu mkuu akaita.

Mume wangu hakusimama. Alikuwa anatazama nyuma. Watu wakageuka. Kule mwisho, karibu na mlango, mzee mmoja alikuwa anajiinua kwa kushika kiti cha mbele yake. Shati nililomshonea mwaka jana, suruali imekunjwa magotini kwa sababu ya tope. Binti yangu alikuwa tayari amefika kwake, anamshika mkono.

Alichukua muda kufika. Chumba kizima kikamsubiri. Alimpa mkono mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akapiga goti kidogo, kama binti wa jirani, kama zamani.

Kisha akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akanipa mkono. Kiganja bado ni kigumu kama kamba. "Nimekuja kukuchukua," akasema, na sauti ikamponyoka, akarudia, "Nimekuja."

Nilikwenda naye.

Watu walipokuwa nje wanakunywa chai na kupiga picha, akaniambia, "Nionyeshe."

"Nini, Baba?"

"Unapokaa."

Nikampeleka, na binti akatufuata. Baba alisita mlangoni, akatazama miguu yake, akafuta nyayo mara mbili, tatu, akaingia. Nikamwonyesha dawati, upande wangu na upande wa Twiga. Akalizunguka, akaligusa, akajipenyeza, akakaa. Magoti yaligonga juu.

Alikaa anatazama ubao kwa muda. Kulikuwa na nusu ya ramani imebaki hapo.

"Siku ile," akasema, "palikuwa na njia nyingine. Dada yangu alijitolea kuja kukaa na watoto. Nikakataa, ana maneno mengi. Nikaona wewe ndiye rahisi." Akapumua. "Nimelibeba hilo. Sikujua nitalitua wapi."

Miaka kumi na tisa nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga. Nimeyashona na kuyafumua mara ngapi. Nilipoyatafuta leo nilikuta machache.

"Nilikuwa na hasira na wewe, Baba."

"Najua."

"Nyingi."

"Zimebaki?"

Nikafikiri, nisimdanganye. "Zimebaki kidogo."

"Basi usizifiche," akasema. "Ukija kuniletea shati, njoo nazo. Tutaongea hizo, tuache paa."

Nikamwambia sawa. Niliketi kando yake, upande wa Twiga, na tukatazama ubao pamoja, wanafunzi wawili. Binti alisimama dirishani, katupa mgongo kwa adabu, lakini mabega yake yalikuwa yanasikiliza.

Mlinzi akaja kutikisa funguo. Baba akataka kuinuka, akashindwa. Akajaribu tena. Magoti yalikuwa yamenasa chini ya ubao wa dawati.

"Haya mambo yenu," akasema. "Mnakaaje humu miaka yote?"

Binti akashika mkono mmoja, mimi mwingine. Tukavuta. Dawati likaja pamoja naye, likaburuta sakafuni kwa kelele mpaka mlinzi akakimbilia ndani kuona nini kinavunjwa, akamkuta mzee anacheka, mjukuu anacheka, na mimi nimekaa sakafuni nimeshika kiatu kimoja cha baba yangu, kilichomtoka tulipovuta.